Kidole Kisome, Sikio Lisikilize

Kikao kimefika katikati, mwenyekiti ananigeukia: "Katibu, mara ya mwisho tulikubaliana kiasi gani?" Kidole changu kinapita juu ya mstari wa nukta nundu wa mashine yangu, pini ndogo zinazopanda na kushuka kuunda maandishi ya wasioona, najibu, huku mjumbe wa upande wa pili akiendelea na hoja yake na mimi nikimsikia neno kwa neno. Siku niliyokwenda na simu peke yake, swali kama hilo lilinilazimu nichomeke waya sikioni. Nilipouchomoa, mjumbe alikuwa ameshamaliza kusema, na kumbukumbu za kikao kile zina pengo mpaka leo.

Naanza na hilo kwa sababu sisi tusioona, tunapojadili vifaa vya kuandikia vya mkononi, tunaishia kwenye bei. Wanaotetea simu wana haki kwa mengi. iPhone ina VoiceOver, programu ya kuisoma skrini kwa sauti, tangu 2009, Android ina TalkBack ya kazi hiyo hiyo, na tangu 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta nundu: unalaza simu kwa upana, skrini ikitazama mbele, unaandika kwa vidole sita juu ya kioo. Kioo kikipasuka, fundi yupo kila mtaa. Mashine kamili za kuandikia, zenye mstari wa nukta, huuzwa kwa maelfu ya dola, zaidi ya pikipiki mpya, na bado huachwa nyuma: BrailleNote Touch ilitoka 2016 ikitumia Android 4.4, toleo la 2013.

Lakini simu peke yake inasoma kwa sauti tu, na sauti haionyeshi tahajia. Wengi wetu tunatamka "samani" na "thamani" karibu sawasawa. Kijana aliyesoma kwa masikio tu atajuaje kwamba moja ni meza na viti na nyingine ni bei? Kidole kinaikuta th, kinaikuta hata ritifaa ya "ng'ombe". Kwa mwanafunzi jambo hili halina mbadala. Aliyesikiliza vitabu vyote bila kugusa herufi hajapewa nafasi ya kusoma.

Ugomvi wenyewe si wa simu na mashine, ingawa ndivyo tunavyouzungumza. Braille 'n Speak ya mvumbuzi Deane Blazie, iliyotoka Marekani mwaka 1987, ilikuwa na vitufe saba na sauti, bila mstari wowote wa kugusa. Ilikuwa mashine maalumu, na watu waliipenda sana, lakini ulichoandika kwa vidole ulikisoma kwa sikio, kama kwenye simu ya leo. Cha kuuliza ni kama kifaa kinakurudishia maneno yako chini ya kidole.

Mstari huo nao una adha yake. Pini ya nukta ya pili katika seli moja, yaani kikundi cha pini cha herufi moja, ya mashine yangu iliwahi kukataa kupanda. L ikiangukia hapo inasomeka K, kwa hiyo "lima" inakuwa "kima". Kibaya zaidi, 2 inasomeka 1, na laki mbili za chama zinageuka laki moja. Niligundua baada ya kuwasomea wajumbe hesabu isiyo sahihi. Aliyeniuzia aliipeleka nje ya nchi, nikakaa miezi bila mashine. Simu haijawahi kunifanyia hivyo.

Hata hivyo sikurudi kwenye simu peke yake. Mstari mdogo wa nukta unaounganishwa na simu kwa Bluetooth unapunguza sehemu kubwa ya gharama. Orbit Reader 20 ilipoanza kuuzwa ilikuwa chini ya dola 500: seli 20, vitufe vya kuandikia, na kadi ya kumbukumbu ya kuhifadhia vitabu. Nukta zake hupanda polepole na kwa kelele, na aliyezoea mashine ghali ataliona hilo mara moja. Mimi ningeikubali kelele hiyo kama shule ingeweza kununua kumi kwa pesa za mashine moja inayofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu isije ikaharibika.

Ila kabla ya kulipa hata hizo kumi, muuzaji aandike kwenye mkataba nani, hapa hapa nchini, atabadilisha seli moja iliyokufa, kwa bei gani, na ndani ya wiki ngapi.