Hatukusukuma Gari

Kwanza kabisa: hatukusukuma gari. Anayesema tulilisukuma kutoka Heathrow mpaka Leeds ni rafiki yangu mmoja mwenye duka la simu, ambaye hakuwepo, na ambaye ametuma sauti ya dakika 4 kwenye kundi la watu wa Mombasa tulioko huku Uingereza, akiniigiza mpaka ninavyokohoa. Gari lenyewe likishapakia watu na masanduku linapita tani 3. Ami wa mke wangu ana miaka 72 na goti la chuma. Angesukuma nini?

Ukweli ni mbaya zaidi ya huo uongo, ndiyo maana nauandika mwenyewe kabla haujafika Kisauni, kwetu Mombasa.

Mnaonifuata hapa siku nyingi mnaijua kazi yangu: napeleka watu wenye pesa viwanja vya ndege. Bosi ana Mercedes EQV, lile gari la abiria la umeme, viti vya ngozi, milango ya pembeni inateleza yenyewe ukibonyeza kitufe, na viti vya kati vinageuzwa watu wakatazamana kama wako barazani. Alilinunua enzi zile magari ya umeme yalikuwa hayalipi ada ya kuingia katikati ya London. Mimi nikaliomba siku 2. Shemeji yangu anaolewa Leeds, na wakwe 5 wanashuka kutoka Mombasa: Baba, Mama, Shangazi, Ami na shemeji mdogo wa miaka 16 ambaye mkono wake na simu ni kiungo kimoja. Bosi akanipa ufunguo, akaniambia lichaji kabla ya kuondoka. Nikamwambia bosi, unanifundisha mimi?

Sasa nisikilizeni. Kazini kuna chaja ya ukutani ya kilowati 11. Ukilichomeka usiku, asubuhi limejaa. Kwangu Barking kuna soketi ya birika. Nikatoa waya dirishani mwa jikoni, nikachomeka saa 3 usiku likiwa asilimia 41, nikapiga picha, nikaweka status: "Wakwe wanapokelewa kisasa." Nikalala nikijua ni kama simu, ukiamka imejaa. Soketi ya nyumbani inatoa kilowati 2 na kitu. Betri ni ya kilowati-saa 90. Gawanyeni wenyewe, maana mimi sikugawanya.

Na hata hicho kidogo sikukipata. Kabla ya kulala nilimwambia mke wangu anipigie pasi ile kanzu yangu ya darizi, Baba aniione nimesimama kama mkwe. Pasi inataka soketi. Akachomoa waya wa dirishani, akapiga pasi vizuri sana, wallahi ile kanzu ilikuwa inasimama peke yake, akazima taa akalala. Alfajiri akapanda treni ya Leeds. Mimi nikatoka nje nikakuta asilimia 44.

Hapo mtu mwenye akili angetafuta chaja ya kasi. Mimi nilikuwa na ndege ya kuwahi. Na kwa sababu kulikuwa na nyuzi 2 tu za joto, na kanzu ni kanzu, upepo unaingia chini unatokea shingoni, nikafungua droo ya mke wangu nikachukua taiti za joto. Za zambarau. Zina maua. Nani ataona? Juu nikavaa koti kubwa la manyoya ya bata. Yashikeni hayo mawili, taiti na koti.

Heathrow wakatoka na masanduku 10. Achari, halua, mabuyu, kachri, na ndoo ya rangi ambayo mpaka leo sijaambiwa ndani mna nini. Shangazi akapapasa kiti akasema, "Mwanangu, hii ngozi ya ng'ombe gani?" Baba akatikisa kichwa taratibu, kule kutikisa kwa baba mkwe ambako hakuna sauti lakini unajua umepanda daraja. Nilikuwa juu. Skrini ilikuwa asilimia 25, kwa sababu wakati nawasubiri nilikaa ndani na hita.

Kuhusu hita, wenzangu mnaotaka magari haya. Injini ya dizeli ina joto la bure, linabaki baada ya kazi. Hili la umeme joto lake linatoka kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu. Ukijipasha moto, unaunguza kilomita. Na nyuma kuna watu 5 waliotoka nyuzi 31, Shangazi amevaa dera na makubadhi. Wanataka joto lile la kuanika nguo. Karatasi za gari zinasema likijaa linakwenda kama kilomita 350. Hizo ni karatasi. Shangazi hayumo kwenye karatasi.

Tulipoingia M1, barabara kuu ya kwenda Leeds, nikaona asilimia 14. Nikazima hita. Polepole, kidole kimoja, kama mtu anayeiba.

"Mwanangu," Mama akasema baada ya dakika 10, "joto limekwenda wapi?"

"Linapumzika, Mama."

"Linapumzika." Akalirudia hivyo hivyo, bila kuuliza. Nikasikia kanga zikitolewa kwenye mikoba. Nikajificha nyuma ya lori, mwendo wa maili 50, magari yote yanatupita hadi ya wazee wanaokokota nyumba za magurudumu. Ami, ambaye alikalia kiti kinachotazama nyuma kwa sababu ya ufahari, akaanza kupata kichefuchefu na akaomba ndimu. Baba akasema kwa upole, "Matatu ya Likoni haina ngozi, lakini ukikaa haikugandishi." Hakuna aliyecheka. Asilimia 9. Asilimia 7. Kwenye 5 gari likaanza kunionya kwa sauti ya kistaarabu na Shangazi akauliza huyo mwanamke anasema nini. Nikamwambia anatukaribisha.

Tukafika kituo cha mapumziko na asilimia 3. Sikitaji jina, hakina kosa. Ni kimoja kati ya vile vyenye daraja la kupita juu ya barabara kuu. Nikaliingiza gari kinyumenyume, safi, mkono mmoja kwenye usukani, wakwe waone. Nikashuka. Tundu la kuchajia la gari hili liko mbele, kwenye bampa. Kebo ikafika kwenye mlango wa dereva ikaishia hapo, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nikatoka ili niligeuze, na katika zile sekunde 20 kigari kidogo cheupe kikaingia mahali pangu. Dakika 35 za kusubiri. Tulikaa ndani kimya. Pumzi zetu zilionekana.

Zamu yangu ikafika, nikachomeka, umeme ukaanza kuingia. Gari linaweza kuvuta hadi kilowati 110, lakini betri ikiwa baridi haivuti hivyo, nilipata 50. Maana yake zaidi ya saa nzima. Wakwe wakashuka waende kutafuta chai. Baba alikuwa anatetemeka mpaka kofia inacheza, nami ndiye niliyezima hita, moyo ukanichoma. Nikafunga gari, nikavua koti langu, nikamvalisha. "Chukua Baba, mimi nimezoea baridi." Akaniombea dua ndefu. Daraja nililoshuka nikalipanda tena lote.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti.

Hapo sikujua. Nilikwenda nikanywa chai na kina Shangazi, nikarudi peke yangu saa imepita, gari limefika 70, nyuma yangu foleni ya magari 4. Nikabonyeza simamisha. Skrini ikanishukuru, ikanidai paundi 47 na ushee (peni 79 kwa yuniti, na nyumbani nilikuwa na soketi!). Taa ikazima. Nikashika plagi, nikavuta.

Haikutoka.

Nikavuta tena, nikitabasamu, kama mtu anayejaribu tu. Haikutoka. Gari la kwanza kwenye foleni likateremsha kioo. Mwingereza hakutukani. Anakwambia usijali ndugu yangu, chukua muda wako, na macho yake yanakuuliza utakufa lini. Nikamwonyesha kidole gumba. Nikafikiri barafu imeingia. Nikaipulizia plagi pumzi ya moto. Nikaisemesha. Ami akatokea na glasi ya karatasi mkononi, akaangalia, akasema, "Zungusha kama mtungi wa gesi." Nikazungusha. Shangazi akafika: "Umesoma Bismillahi?" Nikasoma, kwa sauti, nimeshika kebo kwa mikono miwili kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Wa pili kwenye foleni akashuka kabisa, akakunja mikono.

Kila mwenye gari hizi sasa hivi anacheka, najua. Plagi inafungwa na gari lenyewe. Mpaka ufungue milango kwa ufunguo ndipo inaachia. Najua. Nimekuwa nikilichaji gari hili kwa miezi 5 na kila siku nafungua mlango kwanza bila kufikiri. Siku hiyo nilikuwa nafikiri, ndiyo tofauti.

Nikapapasa mfuko kutafuta ufunguo na mkono ukateleza kwenye kanzu tupu. Nikamuuliza Shangazi, "Baba yuko wapi?" Akaonyesha darajani. Baba aliliona lile daraja, akapenda, akavuka kwenda upande wa pili kutazama magari yanayorudi London. Na koti langu. Simu yake ina laini ya Kenya, imezimwa.

Sasa hapa ndipo mtu mzima anasimama anasubiri. Lakini yule aliyekunja mikono akatazama saa. Nikaona aibu ikinipanda kama maji ya bamvua. Nikasema plagi hii itatoka leo. Nikashika kebo, nikakanyaga bampa kwa mguu wa kulia. Kanzu haikuruhusu. Nikaipandisha kidogo, mpaka gotini, heshima bado ipo. Nikahesabu moja, mbili. Kwenye tatu nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Plagi haikusogea hata unywele. Mikono iliyoganda ndiyo iliyoachia. Nikaenda nyuma hatua moja, mbili, kiatu kikakutana na mfereji, nikakaa. Si kuanguka, nilikaa, chini, ndani ya maji, taratibu kama mtu anayekalishwa kwenye kiti cha arusi, mguu mmoja bado juu. Na ndipo lori likapita kwenye barabara ya ndani na upepo wake. Ile kanzu, iliyopigwa pasi kwa umeme wangu, ikajaa upepo kama tanga la jahazi ikapanda yote. Yote. Ikanifunika uso.

Nikabaki gizani. Giza jeupe, linanuka udi. Sikutaka kutoka. Nilisikia magari, nikasikia foleni nzima imenyamaza, nikasikia kile kimlio cha simu cha kuanza kurekodi. Nikaishusha kanzu polepole. Mbele yangu amesimama Mama mkwe na mfuko wa chipsi. Ananitazama miguu. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa anakumbuka kitu.

"Hizo," akasema, "si zile taiti nilizomletea mwanangu kutoka Dubai?"

Wallahi sikupata jibu. Nilisema, "Labeka, Mama."

Basi. Dakika chache baadaye tukamwona Baba akirudi darajani ndani ya koti, mikono mfukoni, anatembea kama mkuu wa mkoa. Alipokaribia gari, taa zikawaka, milango ikalia, na plagi ikafanya "tk". Nikaitoa kwa vidole viwili. Baba akasema kuna kidude mfukoni amekuwa akikifinya njia nzima kwa raha tu. Tukachaji mara nyingine mbele huko, tukafika Leeds usiku sana, hita imewashwa hadi mwisho, arusi ilifana, biriani ilitosha, na ile ndoo hawakuifungua mbele yangu. Video ni ya sekunde 19. Mke wangu ameitazama mara nyingi kuliko idhini niliyompa.

Kwa hiyo mkisikia ile sauti ya dakika 4, jueni hakuna aliyesukuma chochote. Gari nimelirudisha, bosi ameuliza mbona kiti cha dereva kina unyevu. Na Baba alirudi Mombasa jana. Koti amekwenda nalo, anasema atalivaa Limuru, kule kwenye baridi, akienda kumtembelea rafiki yake. Ufunguo nilihakikisha umebaki. Koti nimeshindwa kuliomba.