Msimlaumu kipa wa Niigata kwa ile fainali

Kila nikiirudia fainali ya Kombe la Levain ya 2024 naumia palepale, dakika ya 31. Kipa wa Albirex Niigata, Koto Abe, ana mpira mguuni, anataka kuanzisha kwa pasi fupi kama wanavyofanya siku zote, pasi inaenda vibaya, Kensuke Nagai wa Nagoya Grampus anaunasa na kufunga. Dakika ya 42 Nagai huyohuyo anaongeza la pili, mapumziko 2-0. Mpaka leo kuna watu wanasema kombe liliondoka kwenye ile pasi, na mimi nakataa kabisa.

Kwa ambao hawalifuati, hili ni kombe la ligi ya Japani, limeanza 1992, yaani mwaka mmoja kabla ligi yenyewe haijaanza, na jina la Levain ni la biskuti za mdhamini. 2024 walibadilisha utaratibu, makundi ya mwanzoni yakatolewa, timu zote 60 za J1, J2 na J3, yaani madaraja matatu ya ligi, zikaingia kwa mtoano na raundi za kwanza timu ya daraja la chini ndio inakuwa nyumbani. Nilifurahi sana kuona FC Ryukyu ya Okinawa, timu ya daraja la tatu, inaitoa Gamba Osaka.

Sasa Niigata. Hii timu ilikaa J2 miaka mitano, 2018 mpaka 2022, na kilichowarudisha juu ni mpira wa kuanzia nyuma, pasi pasi pasi, kipa akiwa mchezaji kamili kama wengine. Mpira huohuo ndio uliwafikisha fainali, wakaipiga Kawasaki Frontale 4-1 nusu fainali ya kwanza na 2-0 ya marudiano, Kawasaki ileile iliyobeba ligi mara nne! Hawakuwahi kucheza fainali yoyote kubwa kabla ya hapo. Kwa hiyo ukimwambia Abe angebutua tu mbele, unamwambia aache kitu kilichomleta Uwanja wa Taifa pale Tokyo mbele ya watu 62,517, rekodi ya fainali ya kombe hili, na ile rangi ya machungwa ya Niigata imejaa jukwaani mvua inawanyeshea na bado wanaimba.

Na angalia walivyocheza baada ya pale. Hawakuogopa mpira. Dakika ya 71 Kaito Taniguchi akarudisha moja, halafu muda wa majeruhi VAR, penati, Yoji Komi anasimama pale dakika ya 90+11 anafunga, 2-2. Dakika 30 za nyongeza zimeanza tu, ya 93, Katsuhiro Nakayama anaiweka Nagoya mbele tena, hapo timu nyingi zingekata tamaa lakini Komi akasawazisha tena dakika ya 111. 3-3. Sijui nilikuwa nimekaa au nimesimama.

Matuta yakaenda Nagoya, 5-4, na aliyekosa ni Motoki Nagakura, mtu aliyewafungia magoli mengi tu kwenye safari nzima ya kombe lile. Iliniuma kwa sababu yake zaidi ya yote.

Nagoya nawapa haki yao, hawakuiba kitu. Kocha Kenta Hasegawa alishalibeba kombe hili na Gamba na FC Tokyo, na kipa wao Mitch Langerak, Muaustralia wa miaka 36 aliyekuwa msimu wake wa mwisho pale, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, nilimpigia makofi kwa moyo wote.

Halafu 2025 Niigata wakamaliza mkiani na kushuka, na ndipo maneno yakarudi, eti mliona, ule mpira wa pasi fupi ndio huo. Jamani, kocha Rikizo Matsuhashi alikuwa ameshaondoka kwenda FC Tokyo, Nagakura ameshaenda Urawa, mnaunganishaje timu iliyotawanyika na pasi moja ya Novemba mwaka uliopita?

Mi ningekuwa kwenye benchi la Niigata siku ile, mpira uliofuata kufika kwa Abe ningempigia kelele aupige vilevile, fupi, kwa beki wake wa karibu.