Bwaki ilitufundisha kumsifu mtoto mnene

Wiki iliyopita mama yangu alinipigia video kutoka Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Alipomwona binti yangu wa miaka mitano, akaguna: "Mwanangu, huko Ulaya hamli? Huyu mtoto amekonda."

Mtoto hajakonda. Alikuwa na shida mwaka jana, wakati mama alipokuwa akiyafurahia yale mashavu.

Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Huku kila mtoto ana daftari la afya, na ndani yake daktari huchora mstari unaolinganisha uzito na urefu wake. Mwaka wa kwanza mstari hupanda, kisha hushuka mtoto anaporefuka, na karibu na miaka 6 ndipo hupanda tena. Wa binti yangu ulianza kupanda kabla hajafika minne. Daktari aliweka kalamu pale mstari ulipopinda, akaniuliza mtoto anakunywa nini. Juisi ya boksi asubuhi, biskuti akitoka shule, sukre (ndivyo tunavyoita soda) jioni. Niliona aibu, kwa sababu vyote hivyo nilimpa kwa upendo.

Upendo wa namna hiyo nimeurithi. Mtu aliyekulia Bukavu anaijua bwaki, ugonjwa wa utapiamlo: miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka nyekundu, mtoto asiyetaka hata kucheza. Ugonjwa huo ulitutesa hadi likaanzishwa shirika lililobeba jina lake, Comité Anti-Bwaki. Mama aliwaona watoto hao kwa majirani. Kwake mashavu yaliyojaa ni ushindi, na ukirudi nyumbani ukiwa na mwili anakupokea kwa furaha: "Umenona!" Simlaumu hata kidogo.

Najua kuna atakayeniambia kwamba watu wana njaa na mimi naleta habari za unene. Ni kweli, Kongo zaidi ya watoto wanne kati ya kumi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na tangu vita viingie mjini Bukavu Februari 2025 sahani nyingi zimepungua. Lakini mtoto aliyekosa lishe akiwa mdogo, kisha akakua kwa sukari na mafuta, yuko kwenye hatari zaidi ya kunenepa vibaya. Na huko Ibanda, mtaa mwingine wa Bukavu, nimeona kwa macho yangu watoto wanaopelekwa shule kwa gari, kila mmoja na sukre yake kwenye begi. Chupa ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari. Hivyo ni vijiko saba. Nani angemwekea mtoto vijiko saba kwenye chai?

Wafaransa waliondoa mashine za kuuza soda na peremende shuleni mwaka 2005. Kwenye kantini ya shule, maji na mkate mtoto anajichukulia, lakini chumvi na mayonezi haviachwi mezani. Tangu 2017 pakiti nyingi dukani zina herufi inayoonyesha ubora wa chakula, kuanzia A ya kijani hadi E nyekundu. Hayo nayapenda. Ila mtaani kwangu, ambako wengi ni vibarua na wageni, watoto wanene ni wengi kuliko kwenye mitaa ya wenye ofisi, na takwimu za shule za Ufaransa zimeonyesha tofauti hiyo kwa miaka mingi. Mama anayerudi kazini saa mbili usiku anaisoma ile E vizuri kabisa, halafu anainunua, kwa kuwa ni rahisi na watoto wana njaa.

Sisi rangi hizo tulizijua zamani. Kwenye kituo cha afya kule nyumbani, siku ya kupima watoto, muuguzi humfunga mtoto mkononi kitepe kinachoonyesha kama amekonda: kijani, njano, nyekundu. Halafu mama wakiwa bado kwenye benchi anawafundisha vyakula vinavyojenga mwili, vinavyoleta nguvu na vinavyoulinda, mara nyingi kwa wimbo. Hapa Lille hakuna aliyekaa nami hivyo. Nilipewa karatasi. Muuguzi yule anasikilizwa na akina mama kuliko redio, na ninaomba aongeze neno moja kwenye somo lake: sukre na biskuti si zawadi ya kila siku. Kisha walimu waangalie kinachouzwa kwenye geti la shule.

Chakula chenyewe tunacho. Sombe (majani ya muhogo), lenga-lenga (mchicha), maharagwe, na sambaza, samaki wadogo walioletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kinachoniuma ni kwamba tumeanza kuvionea haya. Mgeni akija, sambaza wanafichwa jikoni na mtoto anatumwa butike kununua sukre.

Sisi wa Ulaya tumechangia. Kila nilipokwenda, nusu ya valizi ilikuwa chokoleti na peremende, na watoto wa dada yangu walijua mfuko ulipo kabla sijakaa. Safari hii nimempigia dada nikamweleza mapema, naye akanyamaza kidogo. "Sasa watoto nitawaambia nini, yaya?" Ndivyo anavyoniita kama mkubwa wake. Nikamwambia awaambie nakuja na mpira na kamba za kuruka, na kwamba siku ya kwanza tutashuka wote Kadutu sokoni, wao ndio watakaochagua sambaza.