Kwenye tmux, viache vitufe, badilisha rangi

Mtu akianza kutumia tmux, programu ya kugawa skrini ya kuandikia amri na kuacha kazi ziendelee kwenye seva hata ukitoka, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuhamisha vitufe vya kuanzia amri kutoka Ctrl-b hadi Ctrl-a. Sababu inajulikana. Ctrl-a ilikuwa ya GNU Screen, programu ya kazi kama hiyo ya mwaka 1987, na vidole vya wengi vilikwisha kuizoea kabla Nicholas Marriott hajatoa tmux mwaka 2007. Halafu b iko mbali kidogo na Ctrl. Hata hivyo, mimi nasema usihamishe.

Kwenye bash, programu inayopokea amri unazoandika, Ctrl-a hukurudisha mwanzo wa mstari, kazi tunayoihitaji kutwa nzima. Ctrl-b hurudi nyuma herufi moja tu, na hilo mshale unalifanya. Kubwa zaidi ni kwamba sisi wa seva hatukai kwenye mashine moja. Leo uko kwa mteja, usiku umeamshwa kwenye seva ambayo faili lako la mipangilio, ~/.tmux.conf, halipo. Na mkiingia wawili kwenye kikao kimoja, vitufe ni vya wote. Vidole viwe na lugha inayoeleweka kila mahali.

Kuongeza sikatai. Nimeweka | igawe dirisha kushoto na kulia, na - igawe juu na chini, kwa sababu alama zenyewe zinaonyesha mgawanyo. Kistari hicho kwa kawaida hufuta maandishi ya mwisho uliyonakili ndani ya tmux, amri ambayo sijawahi kuikosa. Vitufe vya asili, % na ", vinaendelea kufanya kazi.

Kwenye mwonekano ndiko ninakotaka watu wasihurumie mipangilio ya asili. Ule mstari wa kijani chini ya skrini ni uleule kwenye seva ya majaribio na kwenye seva inayohudumia wateja. Saa nane usiku, ukiwa na madirisha manne, hiyo ni hatari ya kweli: amri ya kufuta hifadhidata haikuulizi uko wapi. Seva ya wateja iwe na mstari mwekundu:

set -g status-style bg=red,fg=white
set -g status-left "#H "
set -g status-left-length 40

Mstari wa tatu usiuache. Upande wa kushoto umepewa nafasi ya herufi 10 tu, kwa hiyo majina marefu ya seva hukatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni ile sehemu ya mwisho inayozitofautisha. Ongeza pia history-limit, idadi ya mistari iliyopita inayohifadhiwa. Mistari 2000 ya asili haitoshi kufuatilia logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva.

Mapambo ya hali ya hewa na betri siyaweki. Kila kimoja huendesha amri yake tena na tena, kwenye mashine yenye kazi nyingine.

Rangi hiyo nyekundu iwekwe kwenye /etc/tmux.conf ya seva yenyewe, ili aione kila anayefungua tmux pale, hata aliyeajiriwa jana.