Ukisafiri, mwaga maji ya hilo bwawa

Jamani nimekereka na sitanyamaza. Kuna nyumba hapa mtaani kwetu Chumbageni wenyewe wamekwenda Moshi kula sikukuu, amebaki dada wa kazi peke yake, na uani lile bwawa lao la kujaza upepo limeachwa na maji tele. Niliingia kumsaidia dada kufunga mtungi wa gesi ndo nikaliona. Maji yameshakuwa ya kijani, pembeni utelezi mtupu, na ukiinama unaona viluwiluwi wanapanda na kushuka. Namuuliza huyo dada, haya maji vipi? Akanijibu, "Anti, bosi kaniachia dawa kasema niwe natia kidogo kidogo." Kidogo kiasi gani, hajui, maana hakuna aliyemwonyesha.

Mimi msimamo wangu ni mmoja: kama unaondoka zaidi ya siku mbili tatu, mwaga maji. Usimwachie dada, usimwachie mlinzi, mwaga yote.

Hiyo dawa yenyewe haina maajabu ukiwa haupo. Klorini ya kawaida inaliwa na jua, na jua letu la saa saba mchana mnalijua, unatia asubuhi na jioni hujui kama imebaki kitu. Ndo maana wenye kujua wanapima kwa vile vikaratasi, klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, isipungue 7.2 wala kuvuka 7.8, na pampu ya kuchuja inazunguka na kichujio chake kinasuuzwa. Sasa umeme ukikatika je? Na dada mwenye kupika, kufua na kulinda nyumba, umempa vikaratasi?

Lakini linaloniuma hasa ni mbu. Kwa joto la Tanga, yai la mbu kuwa mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 tu, yaani wewe hujamaliza hata kusalimia ndugu huko Moshi, hapa kwako wameshaota mbawa. Mwaka 2019 dengue ilipoibuka haikuishia Dar, ilifika na Tanga hii hii, sasa tumesahau? Yule mbu wa dengue, mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, kwa hiyo usiniambie habari ya chandarua, mtoto anayecheza nje saa kumi jioni hana chandarua. Halafu haruki mbali, mara nyingi haendi zaidi ya mita mia chache kutoka alipozaliwa. Maana yake anayeumwa si wewe uliyesafiri, ni bibi wa nyumba ya pili, ni watoto wa madrasa wanaopita hapo ukutani. Umewafungulia majirani kiwanda cha homa na ufunguo umeondoka nao.

Na kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu huyu anabandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yakikauka yanaweza kukaa miezi yakisubiri maji yarudi. Kwa hiyo chukua brashi na sabuni, sugua kuta zote, hasa ule mstari wa juu. Wengi wanamwaga, wanakunja, wakija kujaza tena wanashangaa mbu wametoka wapi.

Wapo wanaofunika turubai wakaona wamemaliza. Mvua ikinyesha turubai linabonyea, maji yanatuama juu yake, sasa una mazalia mawili.

Na watoto. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na huwa hapigi kelele, ni dakika chache tu kimya kimekuwa msiba. Haya mabwawa ya upepo ukuta wake ni laini, mtoto akiegemea unabonyea na anatangulia kichwa. Nyumba zetu za Tanga watoto wa jirani wanaingia kufuata mpira, kufuata paka, kufuata embe. Wewe uko safarini, dada yuko jikoni, nani anaangalia maji?

Najua hoja ya bili. Bwawa la duara la mita 3, maji ya sentimita 55, ni karibu lita 3,900, yaani karibu uniti nne, na kuna siku bomba lenyewe halitoki. Sawa, hapo nakubali, inauma. Basi acha kutia dawa siku kadhaa kabla ya safari na watoto wasiingie tena, klorini ishuke, halafu mwagilia migomba, osha baraza, jaza ndoo za chooni zenye mifuniko. Usiyafungulie tu barabarani yakatuame mlangoni kwa mwenzio. Na kama bado unaona hasara, nunua dogo.

Likishakuwa tupu lianike kivulini likauke kabisa mpaka kwenye mikunjo, ukilikunja bichi linaota ukungu, na liweke juu panya wasilifikie. Mkirudi msijaze siku hiyo hiyo. Fagieni kwanza mawe na mbigili, pulizeni ule mpira wa juu ila usikaze sana maana hewa inatanuka juani, liacheni lilale hivyo usiku mmoja muone kama linavuja, ndo mfungue bomba.