Madoadoa: Tupige Neno Marufuku au Tumsome Msemaji?

Januari 2022, katika mkutano wa kisiasa mjini Eldoret, aliyekuwa Seneta wa Meru Mithika Linturi aliwataka wenyeji waondoe "madoadoa" katika eneo lao. Alikamatwa. Akaomba radhi, akajitetea kwamba alikuwa akizungumzia siasa za chama, si kabila la mtu. Aprili mwaka huohuo, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa kuelekea uchaguzi wa Agosti 9. Madoadoa lilikuwemo, pamoja na kwekwe, mende, wakuja, "watu wa kurusha mawe", "chunga kura" na hatupangwingwi.

Orodha ile iliwagawa Wakenya, na mgawanyiko huo hurejea kila kampeni zinapopamba moto. Wapo wanaoiona kuwa kinga ya raia. Wengine wanaiona kuwa jaribio la kuifunga lugha mdomo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Madoadoa si sitiari iliyozaliwa mwaka 2022. Ilisikika Bonde la Ufa miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wa mapigano ya kikabila, ikiwalenga Wakikuyu, Wakisii, Waluhya na wengine waliohesabiwa kuwa wageni katika ardhi waliyoishi miaka na mikaka. Aliyechomewa nyumba wakati huo hahitaji mhakiki wa fasihi amfafanulie. Na tazama jinsi tamathali hizi zinavyofanya kazi. Doa hufutwa, kwekwe hung'olewa, mende hupuliziwa dawa. Msemaji halitaji tendo. Anataja uchafu tu, na msikilizaji analijaza tendo mwenyewe. Baadaye msemaji anauliza kwa ujasiri, "Ni wapi nilipotaja kabila?" Orodha inamzibia mwanya huo.

Rwanda ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na mauaji yakaitwa "kazi". Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio hiyo na gazeti la Kangura, ikisisitiza uzito wa maneno yaliyotangazwa na kuandikwa.

Hata hivyo, rudi kwenye "chunga kura". Mgombea anapowaambia mawakala wake wachunge kura kituoni, anawakumbusha wajibu unaotambuliwa na sheria. Maneno yaleyale akiyaelekeza kwa vijana wenye rungu nje ya kituo, yanakuwa agizo la kuwatisha wapiga kura. Orodha haiwezi kutenganisha hali hizi mbili kwa sababu inaliona neno tu, haimwoni anayelisema wala anayeambiwa. Hatupangwingwi nayo ilikuwa kaulimbiu ya kambi ya Kenya Kwanza, muungano wa kisiasa wa William Ruto, ikimaanisha hatutapangiwa mambo. Sioni inavyomdhalilisha mtu wa jamii yoyote. Kuitia kapu moja na mende kuliidhoofisha orodha nzima, kwa maana kulimpa kila mwanasiasa kisingizio cha kudai kwamba tume inapiga vita upande wake.

Isitoshe, sisi ni watu wa mafumbo. Mipasho ya taarabu na maandishi ya kanga humchoma mlengwa bila kumtaja jina, naye huelewa. Ukipiga marufuku neno moja leo, kesho mwenye nia mbaya atakuwa na jingine.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Léon Mugesera. Novemba 22, 1992, akihutubia mkutano wa chama tawala huko Kabaya, Rwanda, alisema kwamba kwao wale aliowalenga, yaani Watutsi, ni Ethiopia, na kwamba watapelekwa huko haraka kupitia mto Nyabarongo. Hakutamka neno kuua katika kauli hiyo. Baadaye alikimbilia Kanada, na mahakama za nchi hiyo zikalazimika kuisoma hotuba yake kama darasa linavyosoma kifungu cha ufahamu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliona kwamba haikuwa uchochezi wa mauaji. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaisoma hotuba hiyohiyo na kufikia uamuzi tofauti: katika mauaji ya nyuma, maiti za Watutsi zilikuwa zimetupwa mtoni, na wasikilizaji wa Kabaya walilijua hilo. Mugesera alirejeshwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hakuna orodha ambayo ingeunasa "mto". Kilichoinasa sitiari ile ni usomaji unaouliza nani anasema, kwa nani, lini, na wasikilizaji wanakumbuka nini. Ndiyo sababu naiunga mkono orodha kama kengele ya tahadhari, na kuikataa kama hukumu. Neno likitajwa, polisi, mhariri na raia wawe na haki ya kushtuka. Baada ya kushtuka, wasome hotuba yote.

Usomaji huo si mgeni kwetu. Karatasi za mtihani wa Kiswahili humwambia mtahiniwa aeleze maana ya neno "kama lilivyotumika katika kifungu". Inanisikitisha kwamba stadi hiyo huishia kwenye vifungu vya mtihani, wakati mwanafunzi huyohuyo anapokea klipu ya sekunde kumi kwenye WhatsApp na kuisambaza bila kuuliza kilichotangulia. Walimu waingize hotuba za kampeni, katuni za magazeti na vichwa vya habari darasani, na wanafunzi wapimwe humo.

Vyumba vya habari navyo vina deni. Ripoti inayosema tu kwamba mwanasiasa "ametoa matamshi ya chuki" inamnyima msomaji nafasi ya kupima. Chapisha sentensi kamili, iliyotangulia na iliyofuata, kisha ueleze neno hilo lilitumiwa wapi awali na nani aliumia. Tume nayo, itakapotoa orodha nyingine, iambatanishe kila neno na historia yake, na mfano wa sentensi ambamo halina hatia, ili polisi asimkamate anayewahimiza mawakala wake kituoni wachunge kura.