Kutabiri au kuotea?

Kila kinapotoka chombo kipya, simu inayojibu maswali au gari lisilo na dereva, hakosi mtu wa kusema: haya yalishaandikwa zamani kwenye hadithi za kubuni za kisayansi. Husema kwa fahari, kana kwamba mwandishi alipiga ramli akauona mwaka wetu huu. Wa upande wa pili hucheka. Mpiga ramli, wanasema, hukumbukwa siku aliyopatia tu. Yale magari ya kuruka tuliyoahidiwa yako wapi? Wa Dar bado tumo kwenye foleni.

Nimewahi kuzitetea pande zote mbili za ubishi huu, kutegemea nabishana na nani. Siku hizi naona wote wanapima kitu kisicho sahihi.

Tuchukue mfano unaopendwa zaidi. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alichapisha hadithi ya watu watatu wanaorushwa kwenda mwezini kutoka Florida, Marekani. Katika mwendelezo wake, chombo chao kinarudi na kuangukia Bahari ya Pasifiki. Julai 1969 Apollo 11 iliondoka Florida na watu watatu, ikarudi ikaangukia Pasifiki. Wanaoamini utabiri huishia hapo, na kweli inasisimua.

Lakini Verne hakuwapandisha watu wake kwenye roketi. Aliwafyatua kwa mzinga wa futi 900, kama mita 274 hivi, uliochimbiwa ardhini. Piga hesabu: ili chombo kifikie kasi ya kilomita 11 kwa sekunde ndani ya urefu huo, abiria wangekandamizwa kwa nguvu inayozidi mara 20,000 ya uzito wao. Rubani wa ndege ya kivita, aliyefunzwa na kuvalishwa vazi maalumu, huvumilia kama mara 9. Wale watatu wangekuwa uji kabla ya kutoka mdomoni mwa mzinga. Na Florida si muujiza. Verne alitaka mahali pa kusini ambapo mwezi unaweza kupita utosini; wahandisi wa Marekani walitaka kusogea karibu na ikweta ili mzunguko wa dunia uwape msukumo, na wawe na bahari upande wa mashariki. Sababu mbalimbali, ramani ileile.

Basi aliotea? Hapo ndipo wenye kucheka nao wanapokosea. Hermann Oberth alikisoma kitabu hicho akiwa mtoto huko Transylvania, akakaa chini na kalamu, akakuta kwamba abiria wangepondeka. Akauacha mzinga, akageukia roketi, na baadaye akawa mmoja wa waasisi wa elimu hiyo. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi, aliyechapisha mlinganyo wa roketi, yaani hesabu ya kasi inayoweza kufikia, mwaka 1903, naye alikiri kwamba Verne ndiye aliyempandia mbegu. Kilichowasaidia hawa ni kosa lenyewe, kwa kuwa lilikuwa na namba. Ungo wa mchawi nao huruka usiku kucha katika masimulizi yetu, ila sijasikia mtoto aliyewahi kuukagua kwa hesabu. Hausemi una kasi gani wala unatumia nini.

Na tukitaja ungo, tumtazame Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza wa hadithi kama hizi. Oktoba 1945, katika jarida la Uingereza la mafundi wa redio, alieleza kwamba satelaiti iliyo kimo cha kama kilomita 36,000 juu ya ikweta itazunguka sawasawa na dunia, hivyo itaonekana imesimama palepale angani, na kwamba tatu za namna hiyo zingetosha kurusha matangazo karibu dunia nzima. Ilikuwa makala ya kiufundi, si hadithi, ingawa mwandishi ni yuleyule wa hadithi. Mwaka 1964 satelaiti ya Syncom 3 ilipeleka Marekani picha za Olimpiki ya Tokyo kwa njia hiyohiyo. Na kwa kuwa sisi tumekaa juu ya ikweta, madishi mengi ya Nairobi, au nyungo kama wengine wanavyoziita, hutazama karibu juu kabisa, wakati yale ya Ulaya yamelala kuelekea kusini.

Hesabu za Clarke zilikuwa safi. Kilichompita ni watu. Vituo vyake alivijaza mafundi wanaoishi humo na kuletewa mahitaji kwa roketi, kwa sababu redio za wakati ule zilitumia valvu, vile vitaa vya kioo vya ndani ya redio, na valvu huungua, lazima awepo mtu wa kuzibadilisha. Transista, kidude kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, ilizaliwa miaka miwili baadaye, na wale mafundi wa angani wakafutwa kazi kabla ya kuajiriwa.

H. G. Wells, mwandishi mwingine wa Uingereza, yuko kinyume chake kabisa. Katika riwaya yake ya 1914 yamo mabomu ya atomu, miaka 31 kabla ya Hiroshima. Wazo la nishati iliyofichwa ndani ya atomu hakulitoa hewani. Alilichukua katika maandishi ya mwanakemia Frederick Soddy, kwa hiyo hapo sayansi ndiyo iliyotangulia. Fizikia ya bomu lake ni mbovu. Halilipuki mara moja likaisha, huendelea kulipuka kwa siku nyingi, na hurushwa kwa mkono kutoka kwenye ndege. Alichopatia ni mengine: mji usiokalika tena kwa sababu ya mionzi, na serikali zenye silaha zilizozidi akili zao.

Leo Szilard, mwanafizikia kutoka Hungaria, aliisoma riwaya hiyo mwaka 1932. Septemba 1933 akasoma gazetini kwamba Ernest Rutherford, bingwa wa elimu ya atomu, amewakejeli wanaotarajia kupata nishati humo. Akakereka. Akitembea katika barabara za London, wazo likamjia: nyutroni moja, chembe ya ndani ya atomu, ikipasua kiini cha atomu na kutoa mbili, hizo mbili zitapasua vingine, na kadhalika. Mwaka 1934 aliombea wazo hilo hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kisha akaikabidhi kwa jeshi la majini la Uingereza ili ibaki siri. Alieleza mwenyewe kwamba alijua jambo hili lina maana gani kwa sababu alikuwa amemsoma Wells.

Mtetezi wa hadithi atasema: unaona? Riwaya ilimzindua mtu aliyestahili kuzinduliwa. Nami nakubali, lakini simulizi haliishii hapo. Huyohuyo Szilard, kwa kuhofia kwamba Hitler angetangulia, ndiye aliyesukuma barua iliyosainiwa na Einstein kwenda kwa Rais Roosevelt mwaka 1939. Julai 1945 alizungusha waraka wa kupinga kutumia bomu bila kwanza kuipa Japani nafasi ya kusalimu amri. Wanasayansi wapatao 70 wakasaini. Agosti 6 likaangushwa. Hadithi ilimwonyesha shimo, ila haikumzuia kulichimba. Anayeziuza hadithi hizi kama chanjo dhidi ya maafa anatia chumvi.

Kwetu husemwa kwamba kuandika habari za sayari wakati bomba la maji limekauka ni anasa. Wenye hoja hiyo wamesahau kwamba Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilichunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, lenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Mwandishi wa Kenya Katama Mkangi naye alimpakia mhusika wake chomboni katika riwaya yake *Walenisi* ya 1995, akampeleka nchi ambayo jina lake, ukilikata vizuri, ni wale-ni-sisi. Hakutaka kutabiri chombo. Alitaka tujitazame.

Ndiyo maana hadithi ya namna hii siipimi kwa mashine zake. Naipima kwa kuuliza: nani atakitengeneza chombo kikiharibika, nani atalipia, na watu watakitumia kwa jambo gani ambalo mwenye kukibuni hakulikusudia? Hata wabunifu wenyewe hushindwa hapo. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kulipia marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana fedha, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 ikanadiwa kwa hilo. Mwandishi ambaye mwaka 1995 angeandika kwamba bibi wa Kitui atauza kuku, alipwe kwa simu isiyo na intaneti, kisha achukue noti zake kwa muuza duka jirani, mhariri angemrudishia mswada wake kwamba umezidi chumvi.